Atatunzwa Hukohuko

Kamati ya shughuli inapokaa Milola, mkoani Lindi, kupanga harusi au siku ya kuwatoa wari, daftari huwa na mistari yake inayojulikana: mchele, mafuta, mbuzi, turubai, viti vya kukodi, spika na jenereta, MC, mpiga picha, bodaboda za kwenda kuwaleta wazee. Kila mstari una bei pembeni yake, na bei hiyo imebishaniwa mpaka sauti zikapanda. Mwisho kabisa, kama kuna atakayekumbuka, litatajwa jina la yule bwana wa gitaa anayewavunja watu mbavu kwa nyimbo alizotunga mwenyewe, na mwenyekiti atalimaliza kwa maneno mawili: atatunzwa hukohuko. Mwenye turubai hatunzwi hukohuko. Mwenye jenereta ukimwambia hivyo atakuaga na kurudi zake ndani. Ila mwimbaji wa vichekesho anatarajiwa aje na chombo chake, awasome watu, aimbe mpaka sauti ikwaruze, kisha aondoke na chochote ambacho wageni watajisikia kumbandika kwenye paji la uso. Ninachotetea hapa ni kwamba utaratibu huo unamdhulumu mwimbaji, naam, lakini zaidi ya hapo unakiharibu kichekesho chenyewe. Dawa yake haina uchawi: aitwe kwa makubaliano, ataje bei, apewe nusu kabla ya siku, kama afanyiwavyo fundi mwingine yeyote.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi hawaihesabu kuwa kazi kwa sababu vifaa vyake ni vichache. Gitaa kavu linalosikika katika vijiji vya Afrika Mashariki lina ukoo wake, na ukoo huo unapita Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyekuwa akifanyia kazi Afrika Kusini, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, kijana Mwenda Jean Bosco, akamrekodi. Wimbo wake "Masanga" ukasambaa na kuwa darasa la wapiga gitaa wa nchi kadhaa. Magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyefariki 1963, alikuwa na mtindo wake wa vidole, na nyuma yake unasikia chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mistari, ikikwaruzwa kwa chuma. Huo ndio ulikuwa mtambo mzima: gitaa moja, chupa moja. Penseli iliyofungwa kwa mpira juu ya shingo ya gitaa inapandisha sauti ilingane na koo la mwimbaji. Uzi uliokatika unazibwa na waya mmoja uliochambuliwa kutoka kwenye breki ya baiskeli. Dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba pamoja na mdomo, na katikati ya hayo mwenye gitaa lazima awe anatazama ni nani kati ya waliokaa mkekani amecheka na nani amekunja uso. Mwenye kudhani hiyo ni kazi nyepesi ajaribu kupiga nyuzi sita huku akitunga vina juu ya mjomba wa bwana harusi aliyeuza ufuta akanunua redio kubwa kuliko nyumba, na mjomba mwenyewe amekaa mbele.

Sasa tutazame tuzo. Kutunza ni mila nzuri na sipendekezi ifutwe. Mtu aliyefurahi ana haki ya kunyanyuka. Tatizo linaanza pale tuzo inapokuwa ndiyo mshahara. Waliofuatilia taarabu ya pwani wanajua kwamba anayekwenda kutunza ananunua zaidi ya furaha. Anapopita mbele ya ukumbi na noti yake kwenye ubeti fulani, akizungusha macho kumtafuta hasimu wake, wimbo unageuka kuwa wake na maana yake inakuwa ile anayoitaka yeye. Katika miaka ya 1990, Tanzania One Theatre na Muungano Cultural Troupe walipokuwa wakishindana kwa mipasho, mashabiki walikuwa sehemu ya vita kama waimbaji wenyewe. Huko Kinshasa jambo hilo limekuwa biashara kamili: majina ya matajiri yanatajwa katikati ya muziki kwa malipo, wanaita mabanga, na siku hizi hata bendi zetu za dansi haziwezi kumaliza wimbo bila kusalimia wafanyabiashara. Kwa mwimbaji wa mapenzi madhara si makubwa. Jina la tajiri linapita, wimbo unaendelea. Kwa mwimbaji wa vichekesho ni msiba. Kazi yake ni kumshusha aliyepanda, na tuzo inatoka mfukoni mwa aliyepanda. Atakayechekwa usiku huo ni nani, basi? Ni yule asiye na noti: mlevi wa kijiji, mwanamke aliyeachika, kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam mikono mitupu. Mara nyingi tunalalamika kwamba vichekesho vya siku hizi vinawaonea wanyonge, tukadhani ni tabia ya waimbaji. Nadhani sehemu kubwa ni namna tunavyowalipa.

Kuna njia nyingine ya kumlipa mwimbaji, nayo ni kumpata mfadhili mmoja mwenye uwezo. Inavutia kwa sababu inaondoa njaa kwa mkupuo. Lakini pwani hii ina ushahidi wa muda mrefu juu ya kinachotokea. Mwaka 1907 Carl Velten alichapisha Berlin mkusanyo wa habari na tungo za Waswahili, zilizokusanywa wakati Wajerumani wametawala tangu Tanga mpaka Lindi. Zimo ndani yake tungo zenye ufundi mkubwa, na zimo pia zinazoisifu serikali ya Kijerumani kwa maneno ambayo ni vigumu kuyasoma bila kuona aibu kwa niaba ya mtunzi. Hassan bin Omari Makunganya, aliyeupinga utawala huo, alikuwa amenyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895. Mtunzi aliyekuwa akiandika kwa msomaji mmoja, na msomaji huyo ndiye mwenye mti wa kunyongea, angeandika nini kingine? Simlaumu. Nasema tu kwamba idadi ya wanaolipa ina uzito wake ndani ya beti.

Mfano wa Mwenda mwenyewe hauna damu, lakini unaelekea hukohuko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipelekwa Nairobi, na umaarufu wake ukatumika kutangaza Aspro, vidonge vya maumivu ya kichwa. Mtu ambaye vidole vyake viliwafanya wapiga gitaa wa Ulaya wakune vichwa, akawa anawatibu wasikilizaji vichwa vyao. Alipata fedha na jina, na hakuna ubaya. Ila ndani ya tangazo la kidonge hakuna nafasi ya kumcheka mwenye kiwanda. Baada ya uhuru mfadhili akawa taasisi ya umma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Mfumo huo ulitupa nyimbo ambazo bado zinatutoa machozi, tuseme ukweli. Mwanamuziki aliyekuwa na uhakika wa chakula alipata nafasi ya kufikiri. Lakini kumcheka mwajiri hakukuwa sehemu ya ajira. Na kila baada ya miaka mitano, msimu wa kampeni unapofika, mwimbaji wa kijijini huletewa fulana na posho, na kwa wiki kadhaa ucheshi wake wote unaelekezwa kwa mgombea wa upande wa pili. Uchaguzi ukiisha anarudi kwa watu walewale, nusu yao wakiwa bado wanakumbuka alichowaimbia.

Kati ya tuzo na mfadhili kuna njia ya tatu, na aliyeipita vizuri kuliko wote katika nchi hii ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akawa uso na sauti ya Super Matimila. Alikuwa mpiga gitaa, mtunzi, na mtu wa vichekesho vyenye miiba. Aliweza kuimba juu ya kifo watu wakacheza. Aliimba juu ya umaskini, na albamu yake ya mwaka 1989, iliyotolewa na Real World ya Uingereza, ikabeba jina la nyimbo kwa ajili ya mtu maskini. Kisha ikaja "Mambo kwa Soksi", wimbo uliowahimiza wanaume watumie kondomu wakati Ukimwi ulikuwa bado unanong'onwa. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Katika nchi yenye redio moja, kukataliwa na redio hiyo kungetosha kumzima mwanamuziki yeyote aliyekuwa akiitegemea. Remmy hakuzimika. Watu waliendelea kulipa kiingilio mlangoni kumsikiliza akiuimba, mmoja mmoja, vihela vyao wenyewe. Hakuwa na bwana mmoja wa kumkasirisha. Alikuwa na mabwana mia kadhaa kila wiki, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye kiingilio chake kilitosha kununua ubeti. Mpaka leo ukipanda daladala Sinza unashukia kituo kinachoitwa Kwa Remmy. Alifariki Desemba 2010.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba Remmy huyohuyo alitoa wimbo uitwao "Mrema", uliobeba jina la Augustine Mrema aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo, alitoa. Mtu huru ana uhuru wa kusifu pia. Tofauti ni kwamba sifa za mtu aliyekwisha kukataliwa na redio ya serikali zina thamani ambayo sifa za mwenye fulana ya kampeni hazina.

Milola haina ukumbi wa kiingilio, na hata ukijengwa kesho hautajaa kila Jumamosi. Ninachotetea ni kitu kinachokaribiana na mlango wa Remmy kwa mazingira ya kijiji: familia nyingi, kila moja ikimwalika mwimbaji kwa siku yake na kwa bei iliyokubaliwa. Kwa mwaka atakuwa na waajiri kadhaa, hakuna hata mmoja anayeweza kumfuta kazi. Akimchekesha mzee wa nyumba hii mpaka mzee akanuna, kuna nyumba nyingine Rutamba, nyingine Lindi mjini, nyingine Kilwa Masoko, ambako habari ya kununa kwa mzee itamuongezea mialiko.

Hapa ndipo pingamizi lenye nguvu kuliko yote linapoingia. Mwenye shughuli aliyetoa hela yake mapema, watu watasema, atataka asifiwe kuliko hata yule wa tuzo. Tuzo ni noti moja, yeye amelipa kila kitu. Ni hoja nzito, na kwingineko pengine ingenishinda. Ila watu wa kusini wana kitu kinachoijibu, nacho ni utani. Mwaka 1944 R. E. Moreau, anayejulikana zaidi kwa kuchunguza ndege huko Amani, Usambara, alichapisha makala ndefu juu ya utani wa makabila ya Tanganyika katika jarida la Africa. Hata mtu wa ndege aliona kwamba hapa kuna sheria kamili, yenye haki na wajibu. Mtani anaingia msibani wakati wenye msiba hawana nguvu ya kuinua kichwa. Anamuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akidai deni, alivyokuwa akikohoa. Anaweza kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chake, na anapewa, na hakuna anayemwita mhuni. Fikiria hilo kwa utulivu: familia iliyofiwa inamlipa mtu kwa kuwacheka. Haimlipi ili awasifu. Kama mtani angefika akakaa kimya na kusema marehemu alikuwa mtu mwema sana, wenye msiba wangejisikia wamesusiwa. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wangindo wamelelewa wakijua kwamba kutaniwa mbele za watu ni dalili ya kuwa na watu. Mwenye shughuli wa Milola akimwalika mwimbaji mcheshi na asiguswe hata kwa mstari mmoja, wageni wataondoka wakiulizana kama nyumba ile ina ugomvi na mwimbaji.

Ushahidi mwingine uko ng'ambo ya maji. Siti binti Saad aliyezaliwa Fumba, Unguja, aliitwa kuimba katika majumba ya wakubwa wa Zanzibar, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Kualikwa huko hakukumfunga mdomo. Wimbo wa "Kijiti" unasimulia mauaji ya mwanamke na haki iliyopotea, na ni wimbo ulioihukumu mahakama ya wakati huo kwa ukali kuliko gazeti lolote. Aliwezaje? Kwa sababu pamoja na majumba ya wakubwa alikuwa na Ng'ambo, watu wa mitaa ya kawaida waliomiminika kumsikiliza na ambao bila wao wakubwa wasingemjua. Aliyekuwa na wasikilizaji wa namna mbili hakuwa mali ya upande wowote. Ndiyo maana nasisitiza wingi wa mialiko kuliko ukubwa wa mwaliko mmoja. Mwimbaji anayelipwa vizuri na nyumba moja tu, hata iwe ya mtu mkarimu namna gani, amerudi kwa Velten.

Pingamizi la pili linatoka kwa wazee na lina heshima yake: ngoma ni ya jamii, haiuzwi, tangu lini mtu wa kwetu akadai bei ya kuwaimbia wa kwetu? Jibu liko kwenye shughuli hizohizo wanazozitetea. Nyakanga, mkuu wa jando na unyago, ana ada yake. Ngariba ana ada yake, na hakuna mzazi aliyewahi kumwambia ngariba atatunzwa hukohuko. Kungwi anayekaa na mwari ndani analipwa, kwa fedha au kwa kanga na kuku, na kiasi chake kinajulikana kabla. Anayesoma maulidi anapewa bahasha. Kwa hiyo mila haikatai malipo; inakataa malipo yasiyo na utaratibu, ya mtu kupandisha bei kwa kuwa amemuona mwenye shughuli amekwama. Makubaliano ya mapema yako karibu zaidi na ada ya nyakanga kuliko hii kawaida ya kumvizia mwimbaji na noti usiku wa manane. Ningesema hata kwamba tuzo kama mshahara ndiyo ugeni hapa, ingawa imevaa kanzu ya mila.

La tatu ni la vijana, na ni la hesabu. Spika mbili, kompyuta moja, DJ mmoja, na singeli mpaka alfajiri: kwa nini kulipa tena mtu wa gitaa? Kwanza, bei zisilinganishwe kwa kuficha. Spika zinataka jenereta, jenereta inataka mafuta, vyote vinataka gari, na gari linataka barabara. Kusini tunajua habari za barabara kuliko wengi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, masika yakianza Lindi ilikuwa kama kisiwa. Na hata baada ya lami kukamilika, mvua na kimbunga Hidaya cha Mei 2024 vilikata barabara maeneo ya Somanga, magari yakalala foleni pande zote mbili. Mwenye gitaa kavu anafika kwa bodaboda, gitaa mgongoni, na umeme ukikatika yeye hana habari. Pili, na hili ndilo muhimu, wimbo uliorekodiwa Manzese haumjui mjomba mwenye redio. Singeli ilipoanza kutikisa uswahilini Dar es Salaam, utamu wake ulikuwa yule mshika kipaza sauti aliyekuwa akirusha maneno papo kwa papo juu ya watu waliosimama mbele yake; faili iliyoletwa Milola kwenye simu imeacha utamu huo mtaani kwake. Sisemi DJ afukuzwe. Watu wanataka kucheza, na gitaa moja haliwezi kuwachezesha watu mia tatu kwa saa saba. Nasema saa moja na nusu, baada ya kula na kabla ya spika kuwashwa, ni saa ambayo DJ hana cha kutoa na MC hana nyimbo.

Kuhusu MC, wapo wanaoona tayari kuna mtu wa vichekesho, na amelipwa. MC ana kazi yake: kupanga wageni, kutangaza zawadi, kujaza ukimya. Vichekesho vyake vingi vinatembea naye kutoka shughuli hadi shughuli, na ukihudhuria ya tatu utavimalizia wewe. Siwezi kumlaumu kwa hilo pia, hakulipwa kutunga.

Hela zitatoka wapi? Swali hili ni la kweli kwa sababu fedha za Lindi zina msimu. Ufuta unavunwa, unapelekwa kwenye chama cha ushirika, AMCOS, unasubiri mnada, na malipo yanaingia baadaye kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Korosho zinafuata kuanzia Oktoba. Kati ya misimu hiyo mfuko wa kijiji umelala. Kwa bahati, shughuli nazo zinafuata fedha: jando, unyago na harusi nyingi hupangwa baada ya mavuno, kwa hiyo wakati mwimbaji anapohitajika ndio wakati uleule wa kumlipa. Kinachotakiwa ni jina lake liingie kwenye daftari mapema, mnada wa kwanza unapotangazwa, badala ya kukumbukwa siku mbili kabla. Kuna wanaopendekeza alipwe kwa mazao, debe la hiki au kile mambo yakiiva. Ningelikwepa hilo. Zao la shambani likianza kubadilishana mikono kabla ya kufika ghalani, hata kwa nia safi ya kumlipa msanii, atatokea wa kusema ni kangomba, ule ununuzi wa mazao nje ya mfumo, na mwimbaji atajikuta anaeleza kwa mtendaji wa kijiji kitu ambacho hakina hata kibwagizo. Fedha taslimu au kwa simu, nusu kabla, nusu akishuka.

Na wanaomuonea huruma mwenye shughuli maskini, kwamba bei itamfungia nje, nadhani wanasahau kwamba huyo ndiye anayeumia zaidi chini ya utaratibu wa sasa. Mwimbaji anayeishi kwa tuzo anachagua shughuli zenye wageni wenye pesa. Nyumba ya watu wa kawaida anaisamehe, au anaifikia akiwa amechoka. Bei inayojulikana inaweza kupunguzwa kwa anayejulikana kuwa hana, kama nyakanga anavyofanya. Tuzo haina cha kupunguza kwa sababu haikuwa na kiasi.

Basi makubaliano yenyewe yawe na nini? Nauli na chakula, hilo ni la kwanza. Muda wa kuanza, kwa sababu mwimbaji aliyeambiwa saa mbili akapandishwa saa saba anakuta watoto wamelala na walevi wameamka. Mambo yasiyoguswa: kila familia ina jeraha lake, kifo cha karibu, ugonjwa, talaka ya binti, na ni kazi ya mwenye nyumba kuyataja kimyakimya kabla, na kazi ya mwimbaji kuyaheshimu bila kuuliza zaidi. Orodha hiyo iwe fupi. Mwenye nyumba akianza kuandika majina ya watu wenye vyeo ndani yake, mwimbaji ana haki ya kurudisha advansi. Upande wa serikali, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria namba 23 ya mwaka 1984 ndilo lenye dhamana ya sanaa na wasanii. Mwimbaji anayetaka kutoka Milola kwenda kwenye tamasha Dar es Salaam atakutana na suala la usajili na vibali, na bora alitangulie. Kwa harusi ya jirani, daftari la kamati linatosha.

Linabaki suala la simu, ambalo wazee wetu wa utani hawakulazimika kulifikiria. Kichekesho cha shughuli kinatungwa kwa watu waliokaa mkekani, wanaomjua mjomba na wanajua kwamba pamoja na redio yake ndiye aliyewasomesha wapwa watatu. Kipande cha sekunde arobaini kikirushwa WhatsApp, kinamfikia mtu wa Arusha ambaye hajui lolote juu ya wapwa, na mjomba anabaki na redio tu. Mwimbaji akijua hilo anaanza kuogopa, anarudi kwenye mzaha usiomlenga mtu, na ile saa moja na nusu iliyolipiwa inakuwa haina tofauti na faili ya DJ. Wapo waimbaji watakaotaka kurekodiwa, maana ndivyo wanavyopata mialiko ya mbali, na hawakosei. Basi wagawane: nyimbo mbili za mwanzo, zisizomtaja mtu, zirekodiwe na anayetaka, akianza kuita majina, MC atangaze simu zikae mifukoni, na atakayekaidi, mwimbaji ageukie kwake, amuimbie yeye.